Ndoo ya Mashine na Magoti ya Bi Tabia

Bi Tabia aliapa mbele ya sinia la wali, na hapo ndipo alipojikosesha. Neno lililosemwa jikoni laweza kukanwa, na lililosemwa chumbani laweza kusahauliwa. Lakini lililosemwa watu wakiwa na matonge mikononi hubaki, kwa kuwa kila mmoja husita kidogo kabla ya kutia mdomoni, na kusita huko ndiko kunakolipigilia msumari.

"Miye," alisema siku hiyo, "mdude ule sitaugusa, wala sitanufaika nao kwa lolote, kubwa wala dogo. Mmenisikia?"

Walimsikia wote. Alimsikia Khairat, bintiye, aliyeinamisha kichwa ili asionekane akitabasamu. Alimsikia Hamad, mume wa Khairat, mwalimu wa hisabati, ambaye ndiye aliyeuleta mdude wenyewe. Na kwa bahati mbaya alimsikia Ernesti, fundi wa majokofu wa nyumba ya pili, Mlutheri ambaye baba yake aliteremka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge na hakupanda tena mlimani. Ernesti hakuwa amealikwa chakula. Miaka mingi nyuma alijitangaza kuwa mtani wa Bi Tabia, kwa hoja kwamba mtu wa milimani na Mpemba hawawezi kuwa kitu kingine, na tangu hapo alikuwa akiingia saa za kula bila kubisha, akisema mtani hangoji mwaliko.

"Wala dogo?" aliuliza Ernesti.

"Wala dogo."

"Hata kibao cha kukatia vitunguu?"

"Hata kijiti cha kuchokolea hayo meno yako, ambayo naona yameshanimalizia samaki."

Mdude uliosemwa ulikuwa mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa ndogo, ya watu wapendao ufundi kama wengine wapendavyo kufuga njiwa, na vipande vyake vilikuja kidogo kidogo ndani ya maboksi mpaka Khairat akaanza kuwaogopa wapanda pikipiki wa kuleta mizigo. Hamad aliiunga mwenyewe baada ya saa za shule. Kosa lake halikuwa kuiunga. Kosa lake lilikuwa kuiweka katika banda la uani, juu ya meza ambayo marehemu Shaib, mume wa Bi Tabia, aliitumia maisha yake yote kuchonga milango na masanduku kwa patasi na nyundo ya mti. Nyumba hiyo ya Usagara, Tanga, ilikuwa ya Shaib, meza ilikuwa ya Shaib, na mjane wa Shaib aliona kwamba kitu chenye waya hakikuwa na haki ya kukalia mahali pale pasipo kuomba ruhusa.

Angeweza kumkataza mkwewe. Lakini baina yake na Hamad palikuwa na ukwe, na ukwe ule waliulinda kama watu wanaobeba kioo pamoja. Hamad alikohoa kabla ya kuingia uani. Alipozungumza naye alitazama mkeka. Yapo mambo ambayo hayakuwahi kutajwa baina yao na yasingetajwa: maradhi ya mwili, umri, na zaidi ya yote, choo na kuoga. Kwa hiyo Bi Tabia hakumkataza. Aliapa tu hadharani, akaliacha sinia lifikishe ujumbe.

Sasa, magoti. Magoti ya Bi Tabia yalikuwa yamegoma. Daktari aliagiza maji ya moto, na Khairat akawa tayari kuinjika sufuria kila jioni, lakini mgonjwa alikataa katakata. "Maji ya moto ni ya mzazi na ya maiti," alisema. "Miye sijazaa juzi, na kufa bado." Tangu utotoni kwao Wete, Pemba, alioga maji ya kisima, na hakuwa tayari majirani waone moshi wa mkaa ukipanda kwa ajili ya mwili wake. Matokeo yake ni kwamba alikuwa akisali juu ya kiti cha plastiki. Hilo hakumwambia mtu jinsi lilivyomuuma. Aliinama penye kusujudu, na paji la uso likabaki hewani, mbali na mkeka, kama mtu anayetazama kisimani bila kuteka. Na harusi ya Zuwena, mjukuu wake wa Kigombe, ilikuwa ikikaribia. Alijiona tayari ameketishwa juu ya kiti kile kile, peke yake, juu ya vichwa vya wanawake wenzake waliojaa mkekani.

Mambo yalikuwa hivyo alipoingia bandani alasiri moja, wakati Hamad ameitikia adhana. Alifuata kisanduku cha patasi za mumewe, au ndivyo alivyojiambia. Mdude ulikuwa umezimwa. Katikati yake ilisimama mota ya chuma, nene na ya mviringo kama chupa ya chai, ikishikilia chini yake kisu kidogo cha kuchongea. Mipira miwili myembamba ilitoka kichwani mwake na kushuka hadi kwenye ndoo iliyofunikwa na gunia la mkonge lililoloweshwa. Bi Tabia alikuwa amemsikia Hamad akimweleza Khairat: mota ikizunguka kwa kasi hupata joto, joto likizidi huungua, basi pampu ndogo ya tangi la samaki huyapandisha maji ya ndoo, yakaizunguka mota, yakabeba joto lake na kurudi. Alisikia, lakini hakuwa ameyafuatilia maneno yale hadi mwisho wake.

Aliinama kulisogeza gunia ambalo lilikuwa njiani mwake. Mkono ukazama ndani ya ndoo.

Maji yalikuwa ya vuguvugu, lile vuguvugu hasa ambalo daktari alilieleza kwa maneno mengi na Khairat kwa sufuria.

Bi Tabia aliutoa mkono, akaufuta kwa ncha ya kanga, akatazama mlangoni. Kisha akafikiri kwa utulivu, kama kadhi aliyeletewa shauri gumu. Maji haya yametoka wapi? Yametoka bombani. Bomba ni la nani? La Shaib. Mdude umefanya nini? Umeyapitia tu, kama mpita njia anavyopita barazani kwa watu, na baraza haiwi yake. Tena, maji haya yakimwagwa yatamwagwa bure, na kumwaga maji bure ni israfu. Shauri likaisha. Aliibeba ndoo hadi bafuni, ambako ni upande wa pili wa ukuta wa banda, akajaza ndoo nyingine kama hiyo maji baridi ya bomba, akaifunika na lile gunia, akarudisha mipira na pampu kama alivyovikuta. Jioni ile aliyamimina maji ya vuguvugu juu ya magoti yake, kata baada ya kata, na akasikia mifupa ikishukuru.

Hamad aliporudi kutoka msikitini alitia kidole ndani ya ndoo, akashangaa.

"Ernesti! Hebu njoo. Maji ni baridi kabisa."

Wazo la gunia la mkonge lilikuwa la Ernesti. Gunia likilowa, alisema, unyevu hukauka na kuondoka na joto, kama mtungi unavyojipoza wenyewe kivulini. Wazo lilikuwa la kweli, ila katika hewa ya Tanga, iliyobeba unyevu wake yenyewe, halikuwa na nguvu aliyolipa. Ernesti alitia kidole naye. Uso wake ukapanuka.

"Nilikwambia nini, mwalimu? Mkonge. Baba yangu aliukata, miye naufanyia kazi ya kisayansi."

"Lakini nusu saa tu!"

"Ndiyo mkonge wenyewe."

Bi Tabia, aliyekuwa uani, aliendelea kuanika kanga zake.

Ikawa desturi. Kila Hamad alipokwenda kusali, ndoo ilibadilishana na mwenzake. Mota haikupata kuchemka hata mara moja, Ernesti akawa anatembea Usagara kama mtu aliyevumbua kitu, na Bi Tabia, siku moja baada ya sala, akajikuta ameshuka kutoka kwenye kiti cha plastiki na kupiga magoti polepole mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alikaa pale muda mrefu kuliko inavyolazimu. Alipoinuka alikipeleka kiti jikoni, akakitumia kuwekea chungu.

Angeishia hapo, angestaafu na siri yake. Lakini mtu wa Pemba akiona maji ya moto na maumivu mahali pamoja, hawezi kuacha kufikiria karafuu. Alikuwa na mfuko wake, zawadi ya ndugu zake wa Wete. Akafunga konzi moja katika kitambaa, akalitumbukiza fundo ndani ya ndoo, chini kabisa, ili mashine ikichemsha maji ichemshe na dawa. Adhuhuri aliliweka, alasiri alilitoa likiwa limeiva. Magoti yalifurahi mno. Tatizo likawa harufu.

"Unasikia?" Hamad aliuliza siku ya pili yake, mashine ikinguruma.

Ernesti alivuta pua. "Nasikia pilau."

"Ni mbao. Huu mninga una mafuta yake."

"Mninga hunukia mninga, mwalimu. Miye nimetengeneza mota za majokofu tangu nikiwa na nywele. Mota ikianza kuungua, kwanza huwa na harufu tamu."

"Tamu ya karafuu?"

"Kila mota na kabila lake."

Waliifungua, wakaitazama, wakanusa waya, wakaifunga. Hawakuona kitu. Lakini Ernesti, aliyelevywa na ushindi wa gunia, hakuweza tena kuketi bila kuvumbua. Hamad alikuwa ameahidi kumchongea Zuwena ubao wa kichwani wa samadari, kitanda cha harusi, mninga mmoja mzima, wenye maua ya asumini kutoka pembe hadi pembe. Kazi ya mfululizo, isiyotaka mashine isimame katikati. Kwa kazi kama hiyo, alisema Ernesti, ndoo ni utoto. Akaleta rejeta kuukuu ya bajaji na feni mbili.

"Maji yatazunguka humu ndani tu," alieleza uani, akiinua rejeta kama mtu anayeuza samaki. "Hayatoki, hayaingii. Feni zinayapoza. Ndoo tunaitupa, gunia tunalitupa."

"Gunia lako?" Hamad alistaajabu.

"Sayansi haina huruma."

Bi Tabia alikuwa akikuna nazi. Mbuzi ikanyamaza chini yake.

"Khairat," alimwita bintiye baadaye, kwa sauti ya mtu asiyejali, "hizo feni mbili zitakula umeme."

"Ndogo mno, mama. Za kompyuta."

"Na upepo wake? Upepo wa mashine si mzuri kwa watu wazima."

"Utapuliza bandani, mama, nawe bandani huendi." Khairat alimtazama. "Au unakwenda?"

"Nikafuate nini? Niliapa."

Siku iliyofuata kifuniko cha rejeta kilipotea. Ernesti alikitafuta chini ya meza, ndani ya vumbi la mbao, mifukoni mwake na mwa Hamad. Bi Tabia alimsaidia kwa moyo wote. Alifagia uani mara mbili, akapekua mpaka ndani ya banda la kuku, akimlaumu jogoo. Wakati wote huo kifuniko kilikuwa kimefungwa katika pindo la kanga yake, kikimgonga ubavuni kila alipoinama.

"Kitapatikana," alimliwaza Ernesti. "Vitu vya watu wa milimani hupenda kupanda juu. Umetazama darini?"

Ernesti akaenda kutazama darini.

Kwa hiyo Jumamosi ya kuchonga samadari ilipofika, rejeta haikuwa tayari, na Hamad aliamua. "Tutaanza na ndoo. Gunia halijatuangusha. Kifuniko kingine Ernesti atakitafuta mjini, tutafunga rejeta kesho." Bi Tabia alisikia "kesho" na akaelewa kwamba hiyo ilikuwa ndoo yake ya mwisho. Baada yake ni kiti cha plastiki, nyumbani na Kigombe.

Kama ni ya mwisho, basi iwe ya kutosha. Hamad alipoingia ndani kubadili shati, Bi Tabia alinyemelea bandani akiwa na karafuu kwa konzi mbili zilizojaa na kitambaa begani. Akapiga magoti kando ya ndoo, bila kujishika popote. Akaanza kufunga fundo, na karafuu, kwa wingi wake, zikakataa kutosha.

"Mama!" Khairat aliita kutoka jikoni. "Uko wapi?"

Kwa mshtuko alizimimina zote ndani ya maji, hivyo hivyo, bila kitambaa. Akalitandaza gunia juu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka bafuni, akajitokeza uani akifuta mikono.

"Nilikuwa natawadha."

"Saa hizi?"

"Udhu una saa?"

Walikaa mkekani kuchagua mchele. Bandani mashine ilianza kuimba. Bi Tabia aliijua sauti ile kuliko Hamad mwenyewe; wiki zote hizi alikuwa akiyapima maji yake kwa sikio. Mlio mwembamba ulikuwa wa kisu kikielea hewani. Mzito ulikuwa wa kisu kikila mti. Na chini yake, kwa mwenye kusikiliza, palikuwa na sauti ya tatu, mchuruziko wa maji yakirudi ndoni, kama mtoto anayekojoa mbali. Mchuruziko ule ndio alioupenda.

Baadaye mchuruziko ukawa wa kukatika. Kisha ukawa matone. Kisha hakuusikia tena.

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Aliziona karafuu kwa macho ya moyo, zikivutwa moja moja mdomoni mwa ile pampu ya samaki, vichwa vyake vikikwama kama misumari. Mota sasa ilikuwa ikizunguka bila maji. Na Hamad, anayeliamini gunia, asingetia kidole ndoni mpaka alasiri.

"Khairat, mwambie mumeo apumzike, anywe chai."

"Amesema hasimami mpaka amalize maua ya juu."

"Mwambie ana mgeni."

"Mgeni gani?"

"Atapatikana."

Khairat alicheka. Mashine haikucheka. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, kavu, kama mtu anayeongea akiwa na kiu. Bi Tabia akinyamaza, kwa muda mfupi tu, mota itaungua. Rejeta haitahitajika tena, kifuniko kitatupwa, hakuna atakayejua lolote. Na Zuwena ataingia chumba cha harusi na ubao wenye nusu ya asumini. Akisema, ataulizwa amejuaje. Aliyapima yote mawili. Akalikumbuka paji lake la uso mkekani, na ubaridi mtamu wa ukili.

Kisha akainuka. Aliinuka kwa mkupuo mmoja, bila ukuta na bila bega la bintiye, na Khairat akabaki amefungua kinywa, kwa kuwa hakumwona mama yake akiinuka hivyo tangu marehemu baba yake yu hai. Bi Tabia alivuka ua, akasukuma mlango wa banda.

"Zima!"

Hamad alikuwa mwana wa watu. Mkono wake ulikipiga kitufe chekundu kabla akili yake haijauliza sababu, kwa maana mama mkwe amesema. Kisu kikasimama, nusu ya ua. Aliishika mota, akaiachia haraka, akapuliza vidole.

"Inaunguza!" Akafunua gunia, akatia mkono ndoni. "Na maji baridi. Maana yake hayapandi." Alishika pampu, akaifungua mdomo wake kwa bisibisi.

Karafuu zikamwagika kiganjani mwake.

Hamad alizitazama karafuu. Alitazama mlango wa nyuma unaoelekea bafuni. Kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hisabati, iliwezekana kuona usoni mwake jinsi alivyokuwa akifuata hatua moja hadi nyingine: harufu, alasiri, maji yaliyopoa kwa nusu saa, kiti cha plastiki kilichohamia jikoni; na alipofika karibu na jibu, alisimama kama farasi aliyeona shimo. Jibu lilikuwa bafuni. Huko mkwe hafiki, hata kwa mawazo.

"Panya," alisema hatimaye, akiutazama unga wa mbao.

"Panya," alikubali Bi Tabia.

"Siku hizi wamezidi."

"Hawana adabu, mwanangu."

Wangeweza kuyamaliza hivyo, kwa heshima zote. Lakini Ernesti aliingia wakati huo huo, akirudi mjini, kifuniko kipya mkononi. Alivuta pua. Akaona mota inafuka joto, karafuu kiganjani, ndoo, gunia, na Bi Tabia amesimama wima kama askari.

"Pilau ya nani hii?"

"Panya," alisema Hamad haraka.

"Panya wa wapi anayekula karafuu? Wa Pemba?" Ernesti akamgeukia Bi Tabia, na uso wake ukang'aa kwa furaha ambayo mtani huipata labda mara moja maishani. "Bi Mkubwa! Hayo magoti tangu lini yanakunjuka?"

"Tangu ulipoacha kuyahesabu."

"Na maji yangu ya mashine yalipoa kwa gunia, au kwa mtu?"

"Gunia lako," alisema Bi Tabia, ambaye aliona kwamba akishambuliwa ni lazima ashambulie, "halipozi hata uji. Miye ndiye niliyeipoza mashine hii siku zote. Kila alasiri maji mapya. Mngekuwa na adabu mngenishukuru!"

Akapiga paja lake kwa msisitizo. Fundo la kanga likafunguka. Kifuniko cha rejeta kikaanguka sakafuni, kikaviringika polepole, kikazunguka mara moja, kikalala miguuni mwa Ernesti.

Ernesti alikitazama. "Na huyu naye ni panya?"

Hamad aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na kwa kuwa haikuwa adabu kucheka mbele ya mama mkwe, aliucheka ukuta. Mlangoni Khairat alikuwa amekaa chini kabisa, kanga mdomoni.

Bi Tabia hakucheka. "Zuwena," alisema. "Samadari yake. Imeungua, au haijaungua?"

Hapo wote walielewa kwamba hilo ndilo lililomtoa mkekani. Hamad aliizungusha mota kwa mkono. Ilizunguka laini. Aliinusa. "Haijaungua. Dakika chache zaidi, ingeungua." Kisha, akiwa bado ameelekea ukuta, alisema kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa: "Ernesti, mwambie mama kwamba maji yakiwa mengi huchelewa kupata joto."

"Mama, maji yakiwa mengi huchelewa kupata joto."

"Nina masikio."

"Mwambie kwamba upande wa pili wa ukuta huu…" Alikwama. Hakuweza kulitaja bafu. "Upande wa pili wa ukuta huu kuna pipa."

"Anasema kuna pipa."

"Tukitoboa ukuta tupitishe mipira, na pampu tuivishe kitambaa cha soksi, mashine itapozwa na pipa zima. Hatutahitaji rejeta. Na pipa, jioni…" Akakwama tena, na safari hii Ernesti akamwokoa.

"Jioni pipa litakuwa na mambo yake, ambayo si ya mwalimu."

Bi Tabia aliinua kidevu. "Na kiapo changu? Nilisema sitanufaika nao."

Ernesti alifikiri, akikuna kichwa kwa kifuniko. Alikuwa na deni la mtani, la kumtoa mwenzake aibuni baada ya kumtia. "Pipa la nani?"

"Langu."

"Basi mdude ndio utakaonufaika nawe, Bi Mkubwa. Weye utaupa maji. Hukuapa kwamba usinufaike nawe."

Bi Tabia aliligeuza neno hilo huku na huku, akalitafuta ufa, hakuuona. "Huyu mtu wa milimani," alisema, "leo ndipo ameulipa wali wangu."

Ukuta ulitobolewa siku hiyo hiyo. Maua ya asumini yakaendelea yalipoishia, na ukiitazama samadari kwa makini utaona ua moja ambalo petali yake ina kovu dogo, mahali kisu kiliposimama kwa amri. Kigombe, Zuwena aliingia nayo chumbani kwa vigelegele, na bibi yake alikaa mkekani katikati ya wanawake, akainuka mwenyewe, akakaa tena, akainuka tena, mpaka watu wakamuuliza anatafuta nini.

Limebaki jambo moja. Pipa, kwa ukubwa wake, huipoza mota vizuri mno. Na kwa ukubwa huo huo huchelewa kuvuguvugika. Kwa hiyo jioni hutokea kwamba Hamad amemaliza kazi yake, ameinua mkono kuzima, na ukutani ikasikika kata ikigonga upande wa pili: ngo, ngo. Neno halisemwi. Hamad hutazama chini kwa heshima, huchukua kipande cha ubao chochote kilicho karibu, hukifunga mezani, na mashine huanza tena kuimba. Huchonga vibao vya kukatia vitunguu, kwa kuwa ndivyo vyepesi. Vimeijaa nyumba. Khairat amewagawia majirani, Ernesti amepewa vitatu, na bado vipo, vimepangwa jikoni hadi chini ya dirisha.

Bi Tabia hukaa kando ya vibao hivyo, kitunguu kiganjani, akikikatakata kwa kisu hewani kama alivyofanya maisha yake yote. Hajagusa hata kimoja. Aliapa.